Nyumba za mawe zikigeuzwa maduka Mji Mkongwe: ule ufa wa juu ya mlango unatoka wapi?

#1 MpimaUkuta
Salaam wadau. Ukitoka Darajani ukakata Mkunazini hadi Hurumzi, kisha ukarudi kwa Gizenga, inua macho juu ya milango ya maduka. Ufa ni uleule kila baada ya nyumba chache: unaanzia kona ya juu ya mlango uliopanuliwa, unapanda mshazari kulifuata dirisha la ghorofani. Huku chini lipu imevimba na kubanduka hadi kiunoni, pengine hadi kifuani.

Watu husema "nyumba imezeeka". Sikubali. Ukuta uliosimama miaka mia na zaidi hauchagui kupasuka mwaka wa pili baada ya duka kuingia. Dai langu ni kwamba kosa liko kwenye kupanua mlango. Uwazi wa awali ulikuwa mita 1.2 hivi. Mwenye duka anataka mita 2.5 mpaka 3 ili bidhaa zionekane njiani, basi anakata ukuta wa sentimita 55, anaweka lenta ya zege (mhimili wa kubeba ukuta juu ya mlango), anapaka rangi nyeupe, kazi imekwisha. Mwenye hoja nyingine aje, ila aje na vipimo.

#2 NondoKumi
Vipimo hivi hapa. Nyumba ya chini na ghorofa moja, ukuta sm 55, mawe ya matumbawe na chokaa, tuseme kilo 1,900 kwa mita ya ujazo. Kila mita mraba ya uso wa ukuta ina kilo 1,045. Juu ya mlango kuna mita 5 za ukuta mpaka ukingo wa paa, hivyo ni tani 5.2 kwa kila mita ya urefu.

Ongeza sakafu ya ghorofa na paa bapa. Chokaa ya sm 20 pamoja na boriti ni kilo 400 kwa mita mraba. Chumba kina kina cha mita 3, nusu yake inakaa ukuta wa mbele, kwa hiyo ni kilo 600 kwa mita, mara mbili 1,200. Watu na vyombo vya ghorofani kilo 300. Jumla inafika tani 6.7 kwa mita moja ya ukuta.

Mlango wa mita 1.2 ulikuwa unapeleka tani 4 kila upande. Ukiufanya mita 2.8 kila upande unapokea tani 9.4. Lenta ikikalia sm 20 tu, kila sentimita mraba ya jiwe inabeba kilo 8.5. Ikikalia sm 45, inashuka mpaka 3.8. Hesabu ya mtoto wa darasa la saba, na hakuna anayeipiga.

#3 Kizingiti
Mkuu NondoKumi, hesabu ni safi ila umeitwika lenta mzigo usio wake wote. Ukuta wa mawe unajitengenezea tao wenyewe. Kinachokaa juu ya lenta ni pembetatu ya nyuzi 45, mizigo mingine inapita pembeni. Kwa uwazi wa mita 2.8 pembetatu ina kimo cha mita 1.4, eneo la mita mraba 1.96, yaani tani 2 na kidogo za ukuta. Sakafu ya ghorofa ikiwa mita moja tu juu ya lenta, basi imo ndani ya pembetatu, na sehemu yake inahesabiwa.

Tao linahitaji mambo mawili. Pasiwe na dirisha ndani ya pembetatu, na pembeni pawe na ukuta wa kutosha wa kusukumiwa. Nyumba ya kona ya mtaa, mlango ukisogezwa hadi sm 60 kutoka kona, tao halina pa kuegemea. Linasukuma kona nje, na ufa unatokea upande wa kona hata kama lenta ni ya chuma cha meli.

Zile tani 9.4 za pembeni lakini ni za kweli, tao liwepo lisiwepo. Kwa hiyo mimi nasema tatizo si lenta, ni miguu yake. Chini ya kila mwisho wa lenta panahitaji jiwe gumu la kulalia, upana wote wa ukuta. Mafundi wengi wanalaza zege moja kwa moja juu ya kifusi cha katikati ya ukuta.

#4 ChokaaYaTanuu
Mnapiga hesabu ya ukuta mkavu. Ukuta wa duka si mkavu.

Ukuta huu si jiwe moja nene. Ni nyuso mbili za mawe, katikati wamejaza vipande, chokaa na udongo mwekundu. Uzima wake uko kwenye kile kiini. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, na zamani yalitokea nje kupitia lipu ya chokaa. Chumvi inaharibu lipu, lipu inabadilishwa kila baada ya miaka, ukuta unabaki salama. Lipu ilikuwa ya kutolewa kafara.

Duka linapoingia, fundi anapiga lipu ya saruji mpaka mita 1.2 "kuzuia unyevu". Haukuzuiwa, umefungiwa ndani. Unapanda mpaka utakapokuta mahali pa kutokea, yaani juu tu ya mstari wa saruji. Ndiyo maana lipu inabanduka kifuani na si miguuni. Miguuni inaonekana nzima, ukiigonga inalia kama debe: imeachana na ukuta zamani.

Kiini kikilowa mwaka mzima, udongo unalainika na kushuka. Nyuso mbili zinaachana, ukuta unatoa tumbo. Hapo hata mlango wa mita 1.2 unapasuka. Mnayaona mambo mawili, ufa na unyevu, mnadhani ni magonjwa mawili.

#5 MkaaBarazani
Kwa hiyo ukuta una kafara, una tumbo, una kiini. Mwakani utaomba ruhusa ya uzazi.

Ila niulize la maana: baraza je? Maduka mengi yamevunja baraza ya nje kupata ngazi na nafasi ya mlango wa kioo. Baraza ilikuwa inakinga mguu wa ukuta usirukiwe na maji ya mvua yanayodondoka kutoka paani. Ukiivunja, matone yanapiga ukuta sentimita 40 za kwanza kila masika. Hilo mbona halitajwi?

#6 ChokaaYaTanuu
#5 limetajwa sasa, shukrani. Lakini baraza iliyofanyiwa ukarabati kwa saruji ni mbaya kuliko kutokuwepo. Maji yanaingia kwenye kiungo kati ya baraza na ukuta, hayana pa kutoka.

#7 Usita_wa_Mui
Hodi kutoka Lamu. Kwetu ufa huo upo lakini hauko ukuta wa mbele, uko ndani. Nyumba ya kale ya Lamu haikujengwa kutazama njia. Unaingia daka (kibaraza cha mlangoni), unapita tekani (ukumbi wa kuingilia), unatokea kiwanda cha nyumba, yaani ua ulio wazi juu, ndipo misana, yaani vyumba vya kukaa, inafuatana: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani penye zidaka (vishubaka vya ukutani). Vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa sambamba, na sakafu inapanda kidogo kila ukiingia zaidi.

Mtu akitaka duka la nguo lenye nafasi moja kubwa, anaubomoa ukuta kati ya msana na msana. Huo ndio ukuta mbaya kuliko wote wa kugusa, kwa sababu unabeba boriti za pande mbili. Kwa hesabu ya NondoKumi, sakafu inaupa kilo 600 mara mbili kwa kila ghorofa. Halafu unakuta lenta ileile ya mlango wa nje.

Jambo la pili: nyumba za ukingo wa bahari zimejengwa juu ya ardhi iliyojazwa. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, zamani ndio uliokuwa karibu na maji. Msingi juu ya jazo unazama upande mmoja, na ufa wa mshazari ni alama ya kuzama vilevile. Kwa hiyo msiseme kila ufa wa mshazari ni lenta.

#8 BiSabule
Naomba kumsahihisha MpimaUkuta kabla uzi haujaenda mbali. Umezichanganya nyumba za aina mbili.

Ile nyumba ya Kiarabu yenye ua katikati, kuta nzito na madirisha machache chini, hiyo ndiyo iliyogeuzwa. Chini palikuwa ghala na vyumba vya watumishi, wenyewe walikaa juu. Lakini nusu ya njia uliyoitaja ina nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi ambazo zilizaliwa maduka. Nyembamba, ndefu kwenda nyuma, mbele chini pote ni mbao za kupachika au milango ya kukunja, familia inakaa nyuma na juu. Hizo hazikupanuliwa mlango, mlango ndio ukuta wenyewe.

Na hazina ufa wa mshazari, au zilizo nao ni chache. Sababu ni mwelekeo wa boriti. Boriti ya mkoko haipiti mita 3 kwa raha. Nyumba ya Kihindi ina upana wa mita 3 au 4, boriti zinalala kutoka ukuta wa jirani mmoja hadi wa jirani wa pili, ukuta wa mbele haubebi sakafu. Nyumba ya Kiarabu chumba cha mbele kimelala sambamba na njia, boriti zinatoka ukuta wa mbele kwenda wa nyuma. Kata mbele, umekata mguu wa sakafu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mlango una mita ngapi" bali "boriti zinaelekea wapi".

#9 NondoKumi
#8 dada umenena. Ila upana wa mita 4 na boriti isiyozidi 3 haviendi pamoja. Palipo na mita 4 lazima pana mhimili wa katikati au boriti zimegeuzwa mbele-nyuma. Nyumba kama hizo zipo.

#10 BiSabule
Kweli. Palipo na mita 4 utakuta gogo la msaji au mhimili wa chuma katikati, na mwisho wake mmoja mara nyingi unakaa juu ya uwazi wa mbele. Kanuni yangu ina matundu, lakini bado ni bora kuliko kutokuwa na kanuni.

#11 Kizingiti
Kuujua mwelekeo ukiwa na dari ya jipsam: toa paneli moja ya sm 60 karibu na ukuta wa mbele, mulika. Ukiona ncha za boriti zimeingia ukutani mbele yako, kila sm 25 hadi 40, ukuta huo ni mbebaji. Ukiona boriti ya kwanza imelala sambamba na ukuta, una bahati.

Kwa wanaouliza ukuta mbebaji unafunguliwaje:

Kwanza egemeza sakafu zote, si ya chini tu. Mirunda (nguzo za kuegemezea) ghorofani lazima isimame wima juu ya mirunda ya chini, mpaka paa. Kila safu iwe na ubao juu na ubao chini, mguu usitoboe sakafu ya chokaa.

Pili, toboa ukuta juu ya mahali pa lenta kila sm 80 hadi 90, pitisha magogo au vyuma vya kuushikilia, kila kimoja kiwe na jeki nje na ndani. Kwa mlango wa mita 2.8 unahitaji vinne. Toboa kwa tindo na nyundo.

Tatu, jenga miguu ya pembeni upya kwa mawe yaliyochongwa, laza jiwe la kulalia, acha ikae. Ndipo ukate. Wengi wanakata kwanza.

Nne, ingiza lenta kwa nusu mbili: nusu ya unene kutoka nje, ikikaza unaingiza ya ndani. Ukuta hauwi wazi wote kwa wakati mmoja.

Tano, jaza nafasi kati ya lenta na ukuta kwa vibapa vya mawe vilivyogongwa na chokaa kavukavu. Hapa ndipo ufa unapozaliwa. Nafasi ya milimita 5 ikiachwa, ukuta utashuka milimita 5 siku ya kutoa jeki, na ufa wako ndio huo.

#12 ChokaaYaTanuu
#11 nakuunga mkono ila hujasema jeki zinakaa siku ngapi. Saruji imewazoesha watu siku 7. Chokaa inakuwa ngumu kwa hewa, kama milimita moja kwa mwezi kutoka usoni kwenda ndani. Kiungo cha chokaa kilicho ndani ya ukuta wa sm 55 hakitakuwa kigumu mwezi huu wala ujao. Wiki nne ni uchache, na hata hapo unashusha jeki robo mzunguko kwa siku, si zote kwa pamoja.

Na grenda na drili za kugonga zisiingie. Mtikisiko unakishusha kile kiini nilichokitaja #4. Ukisikia changarawe inatiririka ndani ya ukuta fundi akipiga, simamisha kazi.

#13 NondoKumi
Wiki nne za kodi bila mauzo. Hapo ndipo mwenye duka anapomwita fundi wa saruji.

#14 MkaaBarazani
Ndiyo jibu la uzi mzima hilo, fungeni tulale.

#15 BombaLaJuu
Msilale. Wote mmesimama chini mnatazama juu ya mlango, hakuna aliyepanda ghorofani.

Duka likiingia chini, juu panakuwa nyumba ya wageni au stoo. Tangi la lita 2,000 linawekwa juu ya paa la chokaa: tani 2 juu ya eneo la mita mraba 1.5, mahali palipokuwa pa kuanikia nguo. Vyoo vinaongezwa. Zamani choo kilikuwa kona moja, ghorofa zote zimebebana, mfereji unashuka ndani ya ukuta mnene hadi shimoni. Sasa choo kinawekwa popote, bomba la PVC linatoboa sakafu ya chokaa, kiungo kinazibwa kwa silikoni. Kiungo kikivuja kijiko kimoja kwa saa, ncha za boriti zinaloa na kuoza. Mkoko haupendwi sana na mchwa, lakini kuvu wa unyevu hawabagui.

Ncha ikioza, sakafu inakaa juu ya vipande vichache, mzigo unahamia boriti jirani, ukuta unapigwa ngumi hapa na pale badala ya kubebwa sawasawa. Ufa unafuata hizo ngumi. Mlango uko chini yake tu, unasingiziwa.

Kiyoyozi nacho: bomba la maji yake linaachwa linadondokea ukutani, lita kadhaa kwa siku, sehemu moja, mwaka mzima. Tafuta doa la kijani sm 30 chini ya kila kiyoyozi, halafu tazama ufa uko wapi.

#16 MpimaUkuta
BombaLaJuu hoja nzito. Lakini basi nyumba zenye tangi na bila duka zingepasuka vilevile juu ya mlango. Zinapasuka?

#17 BombaLaJuu
Zinapasuka dirishani. Ufa unatafuta tundu lililo karibu. Ukiwa na tundu la mita 2.8 unalipata hilo kwanza.

#18 Kizingiti
Maana yake tundu lina kosa. Asante kwa kukubali.

#19 BombaLaJuu
Sijakubali chochote shekhe, nimekueleza ufa unakopita, si unakozaliwa.

#20 PauNaFito
Mfano hai ni Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani. Ya mwaka 1886, hakuna duka, na ilianguka kwa sababu ya maji tu. Kesi imekwisha.

#21 BiSabule
Beit al-Ajaib ni ya 1883, ndugu. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Na haifai kuwa mfano hapa: ina nguzo za chuma na mihimili ya chuma inayobeba nafasi ambazo mkoko hauwezi. Ni jengo la tabia nyingine kabisa. Huwezi kumpima kuku kwa mizani ya ng'ombe.

#22 PauNaFito
Nimesahihishwa, asante. Lakini chuma ndicho nilichotaka kukifikia. Chuma kilichozikwa kwenye ukuta wa chumvi kinavimba. Kutu inachukua nafasi mara kadhaa ya chuma chenyewe. Lenta ya zege yenye nondo, zege limechanganywa na mchanga wa pwani, kifuniko cha nondo sm 2: miaka michache tu nondo inavimba, zege linapasuka kwa urefu, ukuta wa juu unanyanyuliwa. Ufa wa hivyo unaanza mlalo, sawa na lenta, ndipo unapinda mshazari pembeni. Mkiutazama haraka mnasema ni mzigo.

Wa kwetu walitumia boriti nne au tano zilizopangwa bega kwa bega, au mbao za mvule na mbambakofi. Hazivimbi kwa kutu. Kwa mita 2.8 boriti hazitoshi, hilo nakubali. Chuma kikilazimika, kiwe kilichopakwa zinki, kisiguswe na zege la mchanga wa pwani, na miisho yake isifungwe kwa saruji.

Na kwa kuwa mnasema "boriti" kwa kila mti: kwa wauza mikoko fito ni sm 2.5 hadi 3.5, pau 4 hadi 7.5, mazio 8 hadi 11, boriti 11.5 hadi 13.5, kisha nguzo. Ukiagiza "boriti" ukaletewa mazio, sakafu itacheza kama kitanda cha kamba, na muuzaji atakuapia ni boriti.

#23 Usita_wa_Mui
#22 hapo umegusa donda. Tofauti ya sm 10 na sm 13 kwa jicho ni ndogo, kwa nguvu ni mara mbili na zaidi. Nguvu ya kuhimili kupinda inakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, kikazidishwa tena: 10 inatoa 1,000, 13 inatoa 2,197. Nenda sokoni na kamba, zungushia katikati ya mti, gawa kwa 3.14.

#24 MwanaMizani
Mnazungumza mawe, semeni na hati. Baada ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, nyingine ni za wakfu, nyingine za warithi ishirini. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, chini pakakodishwa kwa mmoja, juu kwa wengine watatu. Mwenye duka ana fedha lakini paa si lake. Aliye chini ya paa hana fedha. Maji yanaingia juu, ufa unaonekana chini, kila mmoja anamngoja mwenzake. Pale nyumba nzima iko mkono mmoja, duka chini na familia juu kama za Wahindi za #8, hali huwa nafuu. Huenda siyo mwelekeo wa boriti hata kidogo, dada BiSabule. Huenda ni kwamba mwenye duka alilala chini ya paa lilelile.

#25 BiSabule
Hilo limenigusa. Lakini boriti hazisomi hati.

#26 MwanaMizani
Wala hazijikarabati.

#27 Kidaka
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Duka lililo nyuma ya mlango wa kuchonga, mwenyewe anataka mlango wa bati wa kukunja kwa usalama, bila kuuondoa wa kale. Kasha lake lina kimo cha sm 40. Fundi anataka kukata chini ya lenta.

#28 Kizingiti
Asikate. Kasha liwekwe ndani ya chumba, nyuma ya ukuta, juu ya usawa wa mlango. Reli zake zisifungwe ukingoni mwa ukuta kwa bolti za kupanuka. Bolti inayopanuka kwenye jiwe la tumbawe sm 5 kutoka ukingoni inalipasua jiwe, na kila bati linapoporomoshwa usiku ni kama kulipiga nyundo. Tengeneza fremu ya chuma au mbao inayosimama sakafuni kwa miguu yake, ishike ukuta mahali pawili tu, kwa misumari ya mbao iliyojengewa chokaa.

Mlango wa kale nao usiguswe bila kuujua. Hauna bawaba. Kila ubawa una ncha ya mbao juu na chini, unazunguka ndani ya matundu ya kizingiti. Mfaa, ule mti wa katikati, umepigiliwa kwenye ubawa mmoja, kwa hiyo ubawa mwingine ndio unaofunguliwa kwanza. Watu wakijaza zege kwenye kizingiti cha chini ili kuinua ngazi ya duka wanaziba tundu, mlango unakwama, anaitwa seremala wa kukata ubawa sm 4. Hapo nakshi ya chini imekwenda.

#29 MkaaBarazani
Na ule mlango wenyewe, ile miimo mizito ya fremu, haibebi ukuta? Nimesikia ukiutoa nyumba inashuka.

#30 Kizingiti
Haibebi. Inayobeba ni lenta iliyo nyuma yake, isiyoonekana. Lakini lenta ikiwa imeoza, mzigo unaikalia miimo kimyakimya kwa miaka. Siku unautoa mlango kuupeleka kusafishwa, ndiyo siku ukuta unakumbuka. Kwa hiyo uliyesikia kwake hakukosea sana. Chomeka bisibisi kwenye lenta kabla ya kutoa mlango. Ikizama zaidi ya sm 1 kwa mkono tu, weka jeki kwanza.

#31 ChokaaYaTanuu
Kwa wenye lipu ya kubanduka wasiotaka kungoja uzi huu uishe: toa saruji yote, hata inayoonekana nzima, kwa tindo nyembamba ukianzia juu. Acha ukuta wazi miezi kadhaa, piga chumvi kwa brashi kavu kila wiki, usiioshe. Kisha chokaa iliyozimwa na kulala shimoni si chini ya mwezi, kipimo 1 kwa mchanga 3, mchanga wa shimo na si wa pwani. Koti lisizidi mm 10, makoti mawili au matatu, kila moja linyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa wiki, lifunikwe gunia lisipigwe jua. Udongo mwekundu mbichi unaipa rangi na kuifanya ishike kwenye mwiko. Nguvu hauongezi. Ukitaka ikamate mapema, saga tofali la kuchoma, nusu kipimo.

Rangi ya mafuta juu yake hapana. Chokaa ya maji makoti matano.

#32 PauNaFito
Na ukuta ukilala wazi miezi kadhaa, duka linauza nini? Vumbi?

#33 ChokaaYaTanuu
Weka mbao za kusimama zenye nafasi ya sm 5 kutoka ukutani, wazi juu na chini, tundika bidhaa hapo. Hewa inapita nyuma. Kabati la kugusa ukuta ndilo linalooza mgongo kabla ya mwaka.

#34 MpimaUkuta
Hesabu mpaka sasa: lenta na miguu yake (#3), saruji na kiini (#4), kuzama kwa msingi (#7), mwelekeo wa boriti (#8), tangi na choo (#15), kutu ya nondo (#22), hati (#24). Nilikuja na sababu moja, sasa nina saba.

#35 SakafuYaChini
Andika nane. Duka linataka dari ndefu, chumba cha chini kimepungua kimo kwa sababu njia ya nje imewekwa jamvi (tabaka la zege) juu ya jamvi. Mwenye duka anachimba sakafu sm 40 kushuka. Msingi wa nyumba hizi mara nyingi ni ukuta wenyewe ulioshuka ardhini, wakati mwingine haufiki hata mita moja. Ukichimba sm 40 ndani umeondoa udongo uliokuwa unaukaza mguu upande mmoja, na sakafu yako sasa iko chini ya njia, mvua inaingia yenyewe. Angalia ngazi: duka ambalo unashuka kuingia, ukuta wake wa mbele pima kwa timazi (kamba yenye uzito).

#36 NondoKumi
#35 timazi ikionesha ukuta umeinama sm ngapi ndipo uogope?

#37 SakafuYaChini
Kuinama peke yake si kitu, nyingi zilijengwa zikipungua unene kwenda juu kwa hiyo uso wa nje una mteremko wake. Ogopa tumbo: timazi ikigusa katikati na kuachia juu na chini. Na pima mara mbili, miezi sita mbali, kiangazi na masika.

#38 Kidaka
Na ufa wenyewe utajuaje kama bado unatembea?

#39 Kizingiti
Bandika kipande cha kioo chembamba, sm 2 kwa 8, kikivuka ufa, kwa jipsam pande zote mbili. Safisha rangi kwanza, ushike jiwe na si lipu. Weka viwili, kimoja karibu na kona ya mlango na kingine karibu na dirisha. Andika tarehe kwa penseli. Kikivunjika cha chini kwanza, njoo unipongeze. Kikivunjika cha juu kwanza, mpe pole BombaLaJuu, maana itabidi apande kutafuta bomba.

#40 BombaLaJuu
Na vikivunjika vyote siku moja?

#41 Usita_wa_Mui
Basi ni msingi. Leteni jembe.